Dume Mzee, Dume Mzoefu: Mwongozo Kamili wa Kupima Kinachomwezesha Mdudu Dume Kumpata Jike

Chukua jike mmoja wa mdudu, umweke na madume wawili, mmoja ana siku 3 na mwingine ana siku 8. Mmoja wao atampanda. Rudia jaribio hilo na wadudu wengine wapya mara nyingi, na huenda ukaona upande mmoja unashinda zaidi. Kazi ngumu ni kueleza sababu. Dume wa siku 8 aliyekulia huru si mzee tu. Ameshakutana na majike, ameshasukumana na madume wenzake, ametumia sehemu ya manii yake, amepungua mafuta mwilini, na amenusurika pale ambapo wenzake wa rika lake wamekufa. Mambo matano yamekaa ndani ya mdudu mmoja, nasi tunayaita yote "umri".

Mwongozo huu unahusu kuyatenganisha. Nimechagua fukusi wa kunde, Callosobruchus maculatus, kwa sababu anafaa kwa mtu asiye na maabara: ana urefu wa milimita 3 hivi, mzunguko wake wa maisha huchukua wiki 3 hadi 5 kulingana na joto, na akishakuwa mkubwa anaweza kuishi wiki moja hadi mbili bila chakula wala maji. Hilo la kutokula ni zawadi kubwa kwa mtafiti. Kila anachotumia dume kutafuta jike na kutengeneza manii kinatoka kwenye akiba aliyotoka nayo ndani ya kunde, kwa hiyo kuzeeka kwake kunaonekana waziwazi ndani ya siku chache.

Kabla ya kuanza: umri hufanya nini kwa wadudu wengine

Usianze ukiamini kwamba kuna jibu moja kwa wadudu wote. Mbu dume wa Anopheles akitoka kwenye pupa, yaani ganda ambamo buu hugeuka kuwa mdudu mkubwa, hawezi kupandana siku hiyohiyo. Viungo vyake vya uzazi lazima kwanza vizunguke nyuzi 180, na kazi hiyo huchukua takriban siku nzima. Kwake ujana ni kizuizi cha kimwili kabisa, wala ujasiri hauingii hapo. Inzi wa Drosophila melanogaster naye huhitaji muda baada ya kutoka kwenye pupa kabla ya kukomaa, hufikia kilele katika siku chache, kisha uwezo wake hushuka polepole anapozeeka.

Kwa kipepeo Bicyclus anynana picha hugeuka. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha madume wazee wakiwashinda vijana kupata majike. Maelezo yaliyotolewa yananivutia sana: dume aliyebakiwa na siku chache hana sababu ya kujihifadhi, hivyo hujitupa kwa nguvu zaidi kwenye kila nafasi, ilhali kijana anaweza kuacha hii akangoja nyingine. Hapo mzee hashindi kwa ubora wa mwili. Anashinda kwa sababu ana kidogo cha kupoteza.

Kwa kereng'ende Calopteryx maculata, James Marden na Jonathan Waage walionyesha mwaka 1990 kwamba katika ugomvi wa kugombea eneo la mto, mshindi kwa kawaida ni yule mwenye akiba kubwa zaidi ya mafuta mwilini. Akiba hiyo hupungua umri unapokwenda. Kwa hiyo "umri" wa kereng'ende, kwa sehemu kubwa, ni kipimo cha mafuta.

Uzoefu nao una maajabu yake. Nyenje dume aliyeshindwa ugomvi hukataa kupigana tena kwa saa nyingi. Hans Hofmann na Paul Stevenson walionyesha mwaka 2000 kwamba nyenje huyohuyo akirushwa hewani akapiga mabawa kwa muda mfupi, hamu ya kupigana humrudia. Yaani kumbukumbu ya kushindwa haikai kwenye misuli, na inaweza kufutwa. Inzi wa Drosophila aliyemchumbia jike ambaye ameshapandana, akakataliwa, hupunguza juhudi zake hata akikutana baadaye na jike bikira. Richard Siegel na Jeffrey Hall waliyaeleza hayo mwaka 1979, na jaribio lao bado linatumika leo kupima kumbukumbu ya wadudu. Kwa upande mwingine, inzi aliyewahi kufanikiwa huelekea kufanikiwa haraka zaidi mara inayofuata.

Haya si mambo ya kujifurahisha tu. Mbung'o walipotokomezwa kisiwani Unguja katika miaka ya 1990, silaha iliyomaliza kazi ilikuwa madume tasa waliofugwa na kuachiwa kutoka angani. Dume tasa asiyeweza kumpata jike mbele ya dume wa porini hana faida yoyote, hata wakiachiwa mamilioni. Kumwachia akiwa na umri gani, na awe amepitia nini kabla ya siku hiyo, ni swali la kazi kabisa.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya kugusa mdudu

Andika sentensi moja kwenye daftari, kwa tarehe. "Je, dume mzee asiyewahi kuonana na jike hushindwa na dume kijana asiyewahi kuonana na jike?" hilo ni swali la umri. "Je, dume aliyekutana na jike jana humwahi dume wa rika lake asiyewahi kukutana na jike?" hilo ni swali la uzoefu. Maswali haya mawili yanahitaji jozi tofauti. Ukiyachanganya, hakuna hesabu itakayokuja kuyatenganisha mwishoni.

Andika pia utapima nini. Kupanda, kuingiza manii, kurutubisha mayai na kupata watoto ni mafanikio manne tofauti, na dume anaweza kufaulu la kwanza akafeli la tatu. Nitarudi hapo, kwa sababu ndipo wengi hukosea kufasiri walichokiona.

Hatua ya 2: Tayarisha kunde na kundi la kuzalisha

Tafuta kunde kavu ambazo hazikuwekewa dawa ya kuhifadhi. Dawa kidogo tu itaua kila kitu, au mbaya zaidi, itawadhoofisha bila kuwaua. Zigandishe kwa muda wa wiki moja ili kuua mayai na mabuu waliomo, kisha ziache zirudi kwenye joto la chumba na zikauke vizuri.

Weka kunde kwenye mtungi mpana wenye kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa, na uingize fukusi wachache, majike na madume. Joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi linafaa. Kinachotakiwa zaidi ni lisibadilikebadilike, kwa sababu joto hubadili kasi ya kukua na kasi ya kuzeeka pia.

Usiwasonge. Fukusi huyu ana maumbo mawili, na wakilundikana sana huzaliwa wale wa umbo la kuruka, ambao miili yao na ratiba yao ya uzazi ni tofauti na ya wenzao wa kawaida. Madume wa maumbo mawili wakichanganyika katika jaribio lako, utakuwa unapima umbo ukidhani unapima umri. Toa fukusi wakubwa mtungini mara uonapo punje nyingi zimepata yai moja moja.

Mayai huonekana kama vidoa vidogo vinavyong'aa vilivyogandamana na ganda la kunde. Punje ikiwa na zaidi ya yai moja, kwangua yaliyozidi kwa ncha ya sindano, ukibakiza moja. Fanya hivyo ndani ya siku 3 za kwanza, kabla buu hajatoboa kuingia ndani. Buu aliyekua peke yake ndani ya punje hapati ushindani wa chakula, na hivyo tofauti za ukubwa kati ya madume hupungua sana.

Hatua ya 3: Tenga kila punje

Hii ndiyo hatua inayobeba uzito wa kazi yote. Ukitaka dume asiye na uzoefu, lazima uwe na hakika kwamba hajawahi kumgusa fukusi mwingine tangu atoke. Fukusi waliokomaa huweza kupandana muda mfupi baada ya kutoka, kwa hiyo ukiwakuta wawili kwenye mtungi mmoja asubuhi, hesabu kwamba wameshapandana.

Weka kila punje kwenye kichupa chake, au kwenye trei yenye vishimo vingi yenye kifuniko. Anza kuangalia karibu na mwisho wa wiki ya tatu. Utaona duara jeusi kwenye ganda la punje, kama dirisha: chini yake kuna fukusi anayekaribia kutoka. Tangu hapo kagua kila siku saa ileile na uandike tarehe ya kila anayetoka.

Kutambua jinsia kunahitaji lenzi ya mkono. Jike kwa kawaida ni mkubwa na mweusi zaidi, na lile bamba la mwisho wa tumbo, linaloonekana nyuma ya mabawa, lina michirizi miwili myeusi pembeni. Bamba la dume halina michirizi hiyo. Chukua muda kujizoesha kwenye fukusi wa akiba hadi usisite tena. Ukiona madume wenye papasi (vile viungo viwili vya kichwani vya kupapasia) za kuchanua kama kitana, umepata spishi nyingine, Callosobruchus chinensis, na unahitaji mbegu nyingine ya fukusi.

Hatua ya 4: Panga kalenda

Madume wa umri tofauti lazima wajaribiwe siku moja, chumba kimoja, na majike wa toleo moja. Ukijaribu vijana Jumatatu na wazee Jumamosi, umepima pia tofauti ya Jumatatu na Jumamosi: joto, unyevu, mkono wako ulivyochoka. Kwa hiyo wazee ndio hukusanywa kwanza. Kalenda inayofanya kazi ni hii:

Siku ya 0, kusanya madume watakaokuwa wazee. Siku ya 5, kusanya madume watakaokuwa vijana, pamoja na majike wa kutoa uzoefu. Siku ya 6, kusanya majike wa jaribio. Siku ya 7, wape uzoefu madume wanaostahili. Siku ya 8, jaribio.

Siku ya jaribio, wazee watakuwa na siku 8, vijana siku 3, majike siku 2. Na madume wote wenye uzoefu, wazee kwa vijana, watakuwa wameupata jana yake. Hilo la mwisho usilipuuze. Ukiwapa wazee uzoefu wakiwa na siku 2 na vijana pia wakiwa na siku 2, wazee watakuwa wamepumzika karibu wiki nzima baada yake na vijana wamepumzika usiku mmoja, na utakuwa umeongeza kitu cha tatu bila kujua.

Kusanya wazee wengi zaidi ya unaowahitaji, theluthi moja zaidi angalau. Baadhi watakufa kabla ya siku ya 8. Pima uzito wa kila dume siku aliyotoka, hata wale watakaokufa, na tena siku ya 8 kwa waliofika, kwa sababu mwishoni utataka kujua kama waliofika siku ya 8 walikuwa wakubwa kuliko waliokufa njiani. Ikiwa ndivyo, kundi lako la wazee ni kundi la mabingwa waliochujwa na kifo, na ushindi wao si wa umri. Kama huna mizani nyeti ya kupima miligramu, pima urefu wa bawa gumu kwa lenzi juu ya karatasi ya grafu. Urefu huo haubadiliki na umri, hivyo ni kipimo kizuri cha ukubwa wa kuzaliwa nao.

Hatua ya 5: Unda makundi

Utakuwa na makundi manne ya msingi: kijana asiye na uzoefu, kijana mzoefu, mzee asiye na uzoefu, na mzee mzoefu. Ongeza la tano kama una nguvu, nami nakusihi uongeze.

Sababu ni hii. Fukusi dume humpa jike kiasi kikubwa cha majimaji na manii ukilinganisha na uzito wa mwili wake, na kiasi hicho hupungua kila anapopandana tena karibukaribu. Dume aliyepandana jana amejifunza labda kitu fulani, lakini pia ametoa mali yake. Akishindwa leo, utasemaje? Kundi la tano linatatua hili: dume anakutanishwa na jike bikira, anamgusa kwa papasi, anapanda, nawe unawatenganisha kwa brashi laini kabla hajaingiza kiungo chake. Amepata mkutano bila kupungukiwa na kitu. Ukilinganisha kundi hili na lile lililopandana kikamilifu, utaona ni kiasi gani cha tofauti kinatokana na kuishiwa na kiasi gani kinatokana na kukutana kwenyewe. Mkono lazima uwe mwepesi, kwa hiyo fanya mazoezi kwanza.

Wasio na uzoefu nao lazima wasumbuliwe kwa kiasi kilekile. Siku ya 7, hamisha kila mmoja kwa brashi hadi kwenye kisahani kingine chenye punje moja tupu ya kunde, mwache kwa muda uleule waliokaa wenzake na majike, kisha mrudishe. Vinginevyo "uzoefu" wako ni pamoja na uzoefu wa kubebwa.

Hatua ya 6: Siku ya jaribio

Kuna majaribio mawili, na yanajibu mambo tofauti.

La kwanza ni la mmoja kwa mmoja. Dume mmoja na jike bikira mmoja kwenye kisahani cha petri chenye karatasi kavu chini, ili wasiteleze. Washa saa mara wanapokutana kisahani kimoja. Andika muda hadi dume anamgusa jike mara ya kwanza, muda hadi kuingiza, muda jike anapoanza kumpiga mateke, na muda wanapoachana. Mateke hayo si mchezo. Kiungo cha fukusi dume kina miiba inayomjeruhi jike ndani, na Helen Crudgington na Mike Siva-Jothy walionyesha mwaka 2000 kwamba jike asiyeweza kupiga mateke hukaa kwenye tendo muda mrefu zaidi na kuumia zaidi. Kwa hiyo muda mrefu wa kupandana usiuhesabu moja kwa moja kuwa mafanikio ya dume. Huenda ni mvutano kati ya wawili. Weka kikomo cha dakika 30: asiyepandana hadi hapo aandikwe "hakupandana", wala asifutwe kwenye daftari.

La pili ni la ushindani: madume wawili, jike mmoja. Watie alama ya tone dogo la rangi ya maji kwenye bawa gumu kwa ncha ya sindano, angalau saa kadhaa kabla. Nusu ya jozi, mzee awe na rangi nyeupe na kijana njano. Nusu nyingine, kinyume chake. Tupa sarafu kuamua. Wakiwa watundu mno, viweke vichupa vyao juu ya barafu dakika chache na watatulia, lakini wote wapate baridi sawa na muda sawa wa kuzinduka. Oanisha madume wenye urefu wa bawa unaokaribiana.

Anayeangalia na kuandika asijue rangi ipi ni ya nani. Mtu wa pili atunze orodha ya siri. Nalisisitiza hili kwa sababu fukusi hupandana haraka, madume wawili wakati mwingine hupanda pamoja, na kuna sekunde za utata ambazo jicho huamua kwa kufuata linachotarajia. Kupanda bila kuingiza usikuhesabu kuwa ushindi. Subiri uone wamefungamana.

Kila dume na kila jike atumike mara moja tu. Ushawishi wa kumrudia dume mzuri huwa mkubwa idadi inapopungua, lakini dume aliyeshinda asubuhi si yuleyule mchana.

Hatua ya 7: Fuata mayai

Baada ya jaribio la mmoja kwa mmoja, weka jike peke yake kwenye kichupa chenye punje 60 au zaidi na umwache atage hadi afe. Baada ya siku kama 10 tangu kutagwa, angalia mayai kwa lenzi. Yai lililoanguliwa hugeuka jeupe lisilopitisha mwanga, kwa sababu buu anapotoboa kunde hulijaza ganda la yai kwa unga wa uchimbaji. Yai lisilorutubishwa au lililokufa hubaki ang'avu. Kwa macho tu, bila kemikali yoyote, unapata asilimia ya mayai yaliyofaulu kwa kila dume. Sijui kipimo kingine cha ubora wa manii kilicho rahisi hivi katika elimu ya wadudu.

Endelea hadi watoto watoke, uwahesabu. Hapo ndipo unaweza kukutana na dume mzee aliyepanda haraka kuliko wote na mayai yake mengi yakabaki ang'avu. Ushindi wa kupanda na ushindi wa kuzaa vimeachana, na huo ni ugunduzi halisi.

Kwenye jaribio la ushindani usitumie watoto kumjua mshindi. Jike wa fukusi huhifadhi manii, na akipandana tena, kwa kawaida dume wa mwisho ndiye hupata sehemu kubwa ya watoto. Bila vipimo vya vinasaba huwezi kujua yai ni la nani.

Hatua ya 8: Hesabu

Kwa jaribio la ushindani hesabu ni ya sarafu. Kama umri hauna athari yoyote, kila dume ana nafasi nusu kwa nusu. Katika jozi 20, upande wowote kushinda mara 15 au zaidi kwa bahati tu hutokea takriban mara 4 katika 100. Kushinda mara 14 kati ya 20, ingawa kunaonekana kikubwa, hutokea zaidi ya mara 11 katika 100, na hakutoshi. Kwa jozi 40, unahitaji ushindi 27. Ndiyo maana nashauri jozi 40 kwa kila swali, na kama fukusi ni wachache, uliza swali moja kwa jozi 40 badala ya mawili kwa jozi 20.

Idadi hiyo iamue kabla. Ukijaribu jozi 20, ukaona 14, ukaongeza 5, ukaangalia tena, ukaongeza nyingine, bahati itakupatia jibu ulilolitaka mapema au baadaye.

Kwa muda wa kuanza kupandana, tumia wastani wa kati, yaani muda wa dume wa katikati ukiwapanga kwa mfuatano, badala ya wastani wa kawaida, kwa sababu daima kutakuwa na dume mmoja anayezurura dakika 25 na kuvuruga wastani wote. Chora nukta za kila dume kwenye karatasi, kundi kwa kundi, kabla ya kukokotoa chochote. Mchoro huo huonyesha mambo ambayo namba moja huficha: kwa mfano, wazee wanaweza kuwa na makundi mawili ndani yao, wenye kasi sana na wasiojaribu kabisa.

Hatua ya 9: Fasiri kwa uangalifu

Wazee wasio na uzoefu wakishindwa na vijana wasio na uzoefu, linganisha uzito wao wa siku ya 8 na wa siku waliyotoka. Wale waliopungua zaidi wakiwa ndio walioshindwa zaidi, una hadithi ya akiba ya mwili, inayofanana na ya kereng'ende. Wakishindwa bila kujali uzito, tafuta kwingine: kasi ya kutembea, papasi, harufu.

Wazee wakishinda, angalia jaribio la mmoja kwa mmoja. Je, walimwendea jike mapema zaidi na kurudia zaidi walipokataliwa? Hiyo ni juhudi ya dume. Au walimwendea sawa na vijana, ila jike akawa mtulivu kwao? Hapo huenda jike ndiye anayechagua. Jaribio la ushindani pekee haliwezi kukuambia lipi kati ya haya, na watu wengi husema "jike anampenda mzee" kwa ushahidi ambao haumhusu jike kabisa.

Kundi la uzoefu uliokatizwa likishinda huku kundi lililopandana kikamilifu likitoka sare, dalili ni kwamba mkutano uliwasaidia wote, ila gharama ya manii ikala faida ya wale wa pili. Makundi yote ya uzoefu yakitoka sare, usishangae sana. Uchumba wa fukusi ni mfupi. Dume hukimbilia jike, hugusa, hupanda. Hakuna mengi ya kujifunza humo. Kwa maoni yangu fukusi ni mdudu bora wa kuuliza maswali ya umri na ya kuishiwa manii, na ni wa wastani tu kwa maswali ya kujifunza.

Ukitaka kuuliza zaidi juu ya kujifunza

Hamia kwa Drosophila. Dume wake humfuata jike, humgusa kwa mguu, hutikisa bawa moja kutoa wimbo, humlamba, kisha hukunja tumbo kujaribu kupandana, na kila kipengele kinaweza kuhesabiwa kwa saa. Kalenda ni ileile, ila lazima uwape chakula wakati wote. Tenga majike ndani ya saa 8 tangu watoke kwenye pupa wakiwa kwenye nyuzi 25, maana kabla ya hapo bado hawajakubali dume. Mpe dume uzoefu wa kukataliwa kwa kumfungia na jike aliyekwisha kupandana kwa saa moja, kisha pima anatumia sehemu gani ya dakika 10 kumchumbia jike mwingine. Mwenzake wa kulinganishwa naye akae saa hiyo peke yake kwenye kichupa kinachofanana. Fanya hivyo kwa wenye siku 4 na kwa wenye siku 30, na utakuwa na swali tamu kuliko yote: je, mzee hukumbuka kukataliwa kama kijana anavyokumbuka?

Kufunga kazi

Fukusi wa kunde ni mharibifu mkubwa wa mbegu za jamii ya mikunde zilizohifadhiwa, na jike mmoja aliyetoroka anatosha kuanzisha ukoo. Gandisha mitungi, vichupa na punje zote kwa wiki nzima kabla ya kutupa chochote, ukianza na zile punje zinazoonekana tupu.